Nani Aliijibia Rupia ya Mombasa

Katika kibweta cha mbao alichoniachia bibi yangu mna sarafu mbili ambazo nimezitazama tangu utotoni bila kuziuliza lolote. Ya kwanza ni pesa ya shaba, moja katika zile 64 zilizokuwa zikifanya rupia, na upande wake mmoja una picha ya mizani pamoja na mwaka wa Hijria 1306 ulioandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Ya pili ni rupia yenyewe, ya fedha, yenye jua la miale na taji, na maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni Nuru na Uhuru. Zote mbili zina jina la kampuni ya Imperial British East Africa, mwaka 1888, na jina la mji wangu: Mombasa.

Mwezi uliopita niliichukua rupia hiyo nikampelekea mjomba wangu, ambaye ni sonara katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda chake cha wateja, nikamwomba aniambie kama fedha ile ni safi. Kabla hata ya kuipima aliiweka chini ya kioo chake cha kukuzia, akaigeuza mara mbili, akaniuliza, "Hii H ni ya nani?" Sikuwahi kuiona. Ni herufi moja ndogo sana, ambayo mtu asiyezoea kutafuta alama za wafuaji hawezi kuiona. Niliporudi nyumbani nilianza kuitafuta maana yake, na utafutaji huo umenifikisha mbali kuliko nilivyotazamia, mpaka nikaona ni wajibu niuandike.

H ni ya Heaton, kiwanda cha Birmingham, Uingereza, kilichokuwa kikifua sarafu kwa zabuni za serikali na makampuni ya kila pembe ya dunia. Basi rupia yenye jina la Mombasa haikufuliwa Mombasa. Sehemu nyingine ya pesa zile za shaba ilifuliwa Calcutta, katika kiwanda cha Serikali ya India. Hapa kwetu zilishushwa zikiwa tayari, kama inavyoshushwa bidhaa nyingine yoyote, na hakuna mtu wa hapa aliyekuwa na dhamana ya kusema: fedha hii nimeipima mimi, uzito wake ni huu, na ikipungua nishikeni mimi.

Mtu mwenye dhamana hiyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Kila taifa lililopata kufua sarafu limekuwa naye kwa jina moja au jingine, na historia yake, kwa maoni yangu, inaeleza mambo mengi kuhusu uaminifu wa dola kuliko historia ya wafalme ambao sura zao zimechorwa juu ya sarafu hizo.

Warumi walikuwa na vijana watatu waliopewa kazi ya kusimamia uyeyushaji na upigaji wa shaba, fedha na dhahabu, na Julius Caesar akawafanya wanne. Kwao ilikuwa ngazi ya kwanza ya kupandia siasa, na majina yao tunayasoma mpaka leo kwa sababu waliruhusiwa kuyaandika juu ya sarafu zenyewe. Karibu na sisi zaidi kwa dini na kwa lugha ni utaratibu wa Kiislamu. Khalifa Abdulmalik bin Marwan ndiye aliyeondoa picha za wafalme wa Kirumi na wa Kiajemi kwenye fedha za Waislamu, na mwaka 77 wa Hijria, yaani 696 hadi 697 wa Miladia, akatoa dinari ya dhahabu yenye maandishi matupu na uzito wa takriban gramu 4.25. Kazi ya kulinda uzito huo iliitwa sikka, kwa jina la ule muhuri wa chuma unaopigiwa sarafu. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, anaihesabu sikka miongoni mwa kazi za kidini zilizo chini ya ukhalifa, na anasema kwamba hapo awali ilikuwa chini ya mamlaka ya kadhi kabla ya kujitenga na kuwa na msimamizi wake. Niliposoma hilo nilisimama kwa muda. Sarafu yenye upungufu si kosa la hesabu tu. Ni dhuluma kwa kila mkono utakaoipokea, na ndiyo maana aliyepewa kuilinda alikuwa hakimu na si mfanyabiashara.

Pwani yetu haikuwa nyuma. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton walipata visarafu vidogo vya fedha vya karne ya 8 na ya 9, vyenye majina ya Kiislamu, vikiwa miongoni mwa ushahidi wa mapema kabisa wa watu wa mwambao huu kujifulia fedha. Kilwa ikaja baadaye na shaba yake. Sarafu za Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili zina maneno yanayosema kwamba anamtumaini Bwana wa neema, na kwa Kiarabu pande hizo mbili zina vina vinavyooana. Sijui taifa jingine ambalo sarafu yake ukiigeuza inakamilisha ubeti, na sishangai kwamba jambo hilo lilifanyika kwenye pwani ya washairi. Tena hazikukaa Kilwa: mwaka 1944 chache ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Jina la sultani tunalo. Jina la aliyeshika nyundo, na la yule aliyesimama nyuma yake akihesabu vipande na kulinda shaba isiibwe, halimo. Kwangu mimi hao ndio wakubwa wa kwanza wa sarafu katika historia yetu, na hatuna hata herufi moja ya kuwakumbukia.

Wazungu wa Ulaya ya kati, kinyume chake, walituletea herufi bila ya kutuletea wenyewe. Kabla ya rupia kushika masoko ya Zanzibar na Mombasa, fedha kubwa ya pwani ilikuwa riale ya malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo mwaka wake haukubadilika kamwe: kila iliyofuliwa baada ya kifo chake iliandikwa 1780. Riale hiyo ndiyo mzazi wa maneno tunayoyatamka bado, kwa kuwa thumuni maana yake ni sehemu ya nane, na riale ilipokuja kuhesabiwa kuwa shilingi nne, sehemu yake ya nane ikawa senti hamsini. Sasa tazama chini ya kifua cha malkia kwenye riale hiyo. Utaona herufi S.F. Ni Schöbl na Faby, wasimamizi wawili wa kiwanda cha Günzburg, ambao walitia herufi za majina yao kama ilivyokuwa desturi ya maofisa wa sarafu katika nchi zao, ili ikionekana fedha mbovu ijulikane ilitoka kwa nani. Watu hao walikufa, kiwanda chao kikafungwa, na hata hivyo Vienna, na baadaye viwanda vya Rome, London na Bombay, viliendelea kuzipiga herufi hizo hizo, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na wa Afrika walikataa kupokea riale isiyokuwa nazo. Hebu fikiria: maofisa wawili wa mji mdogo wa Ujerumani wa kusini wakawa wadhamini wa mahari, wa pembe za ndovu na wa karafuu kwenye bandari ambazo hawakuziona, kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya wao kuzikwa. Dhamana yao ilikuwa imegeuka kuwa picha tu, lakini mtu aliihitaji hata hivyo.

Ofisa wa sarafu ambaye maisha yake yamenishughulisha zaidi ni Isaac Newton. Wengi wetu tulifundishwa shuleni sheria zake za mwendo na kuambiwa habari ya tofaa, kisha tukaachia hapo. Hatukuambiwa kwamba alitumia miaka 30 ya mwisho ya uhai wake katika kiwanda cha sarafu cha London, kilichokuwa ndani ya ngome ya Tower, kwanza kama mlinzi wa kiwanda kuanzia mwaka 1696, kisha kama mkuu wake kuanzia mwishoni mwa 1699 hadi alipofariki mwaka 1727. Ilitokea kuwa ni miaka elfu moja baada ya dinari ya Abdulmalik, na tatizo lilikuwa lile lile la kale. Fedha ya Uingereza wakati huo ilikuwa imekatwakatwa. Sarafu za zamani zilizopigwa kwa nyundo hazikuwa na ukingo ulio sawa, hivyo mtu angeweza kuzipunguza kwa mkasi, akakusanya vipande na kuviyeyusha, kisha akaitumia sarafu iliyobaki kwa thamani ile ile. Serikali iliamua kuzikusanya zote na kuzifua upya kwa mashine zilizoweza kutia mikwaruzo au maandishi kwenye ukingo, ili mkasi ukipita uonekane.

Rafiki yake aliyempatia cheo hicho alikuwa amemweleza kwamba hakina kazi nyingi. Newton hakukubali kula mshahara wa bure. Alisimama kando ya mashine akihesabu mapigo, akaona kwamba wafanyakazi wanaweza kupiga zaidi ya sarafu 50 kwa dakika moja, akapanga kazi kwa mwendo huo. Viwanda vya muda vilifunguliwa katika miji mitano, na cha Chester akapewa Edmond Halley, yule mnajimu wa nyota yenye mkia, kuwa mmoja wa wasimamizi wake. Pamoja na hayo Newton alijitwika kazi ya kuwasaka wenye kughushi: alikusanya ushahidi, akawahoji mashahidi na wafungwa, akaandika maelezo yao kwa mkono wake. William Chaloner, mghushi mashuhuri aliyethubutu kulishutumu jengo lile lile la Tower mbele ya Bunge, alinyongwa Tyburn mwezi wa Machi 1699. Sipendi hukumu hiyo. Adhabu za zama hizo zilikuwa za kikatili, na karne kadhaa kabla yake, katika Krismasi ya mwaka 1124, mfalme Henry wa Kwanza aliwaita wafuaji wake wa fedha Winchester na kuwakata mikono ya kulia kwa kosa la kuchanganya madini duni. Hata hivyo naelewa kilichowasukuma: mwizi wa mfukoni humwibia mtu mmoja, na anayepunguza sarafu humwibia kila mtu aliyetoka kwenda sokoni asubuhi hiyo.

Lakini nani alimpima Newton? Hapa ndipo nilipomkumbuka mjomba. Tangu karne ya 13, Waingereza wamekuwa na baraza la kuzijaribu sarafu za kiwanda chao. Kila fungu la sarafu likitoka, chache hutengwa na kutiwa ndani ya sanduku lililofungwa, na siku ikifika sanduku hufunguliwa mbele ya majaji ambao si watu wa kiwanda. Majaji hao ni masonara, watu wa chama cha wafua dhahabu cha London. Wao ndio wanaopima uzito, wanaoyeyusha kipande na kutazama usafi wake, na mkuu wa kiwanda husubiri uamuzi wao, kwa kuwa upungufu ukizidi mpaka uliowekwa, yeye ndiye anayedaiwa. Mwaka 1710 masonara walitamka kwamba dhahabu ya Newton ni pungufu. Yeye, aliyekuwa ameeleza mwendo wa sayari, akatuhumiwa kuwa ametoa guinea, zile sarafu za dhahabu za Uingereza, zisizotimia. Hakutumia jina lake kuwanyamazisha. Aliichunguza ile bamba ya dhahabu ya mwaka 1707 waliyoitumia kulinganishia, akathibitisha kwamba bamba ndiyo iliyokuwa safi kupita kipimo cha sheria, na si sarafu zake zilizokuwa chini, na hatimaye bamba hiyo ikawekwa kando, ikarudiwa ile ya mwaka 1688. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara napata faraja ile ile, kwamba palikuwa na nchi ambayo fundi wa dhahabu aliweza kumwambia mkubwa wa serikali, "Mizani yangu inakukataa," na jibu la mkubwa likawa ni kuleta ushahidi bora zaidi.

Wamarekani walipoanzisha kiwanda chao mwaka 1792 walimchagua David Rittenhouse awe mkurugenzi wa kwanza, naye pia alikuwa mtazamaji wa nyota na mtengenezaji wa ala za kupimia. Sheria ya mwaka huo iliweka adhabu ya kifo kwa ofisa yeyote wa kiwanda atakayepunguza kwa hila uzito au usafi wa fedha na dhahabu. Uingereza nayo ilimweka John Herschel, mtazamaji mwingine wa nyota, katika kiti cha Newton kuanzia 1850 hadi 1855. Wa mwisho kukikalia kama mwanasayansi alikuwa mkemia Thomas Graham, aliyefariki mwaka 1869. Baada yake cheo kikaunganishwa na cha waziri wa fedha, na kazi yenyewe ikaachiwa naibu. Nadhani hapo kitu fulani kilipotea, ingawa fedha safi nayo ilikuwa inaelekea kupotea kwenye sarafu, na kipimo cha mizani hakikuwa tena na uzito uleule katika maisha ya watu.

Narudi Mombasa. Kampuni ile ya Imperial British East Africa, iliyokuwa ikitawala hapa, ilifilisika kwa shughuli zake, utawala ukashikwa na serikali ya Uingereza mwaka 1895, na rupia ikaendelea hadi 1920 ilipoletwa florin, ambayo haikukaa, kisha shilingi mwaka 1921. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919, ilikuwa na ofisi yake London, na huko ikabaki mpaka mwaka 1960 ilipohamishiwa Nairobi. Miaka 40 nzima fedha ya Mkenya, ya Mganda na ya Mtanganyika ilisimamiwa na watu ambao hawakuwahi kununua mhogo kwa senti kumi yenye tundu katikati. Ukizikusanya sarafu hizo utaziona herufi tena: H ya Birmingham, KN ya King's Norton, I ya Bombay, SA ya Pretoria. Bibi alizitunga senti hizo kwenye uzi kama shanga, akauning'iniza nyuma ya mlango wa jikoni, na kila alipotumwa mtoto dukani alifungua fundo na kuchopoa ndururu moja au mbili. Kwa kuwa hakujua kusoma herufi za Kizungu, kwake herufi hizo zilikuwa mapambo.

Shilingi ya Kenya ilipotoka tarehe 14 Septemba 1966 tulipata Benki Kuu yetu, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, imeipa benki hiyo peke yake jukumu la kutoa noti na sarafu, na ikakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa juu yake. Ndiyo maana sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Uamuzi huo naupenda kwa moyo wote. Ila kwenye noti tunaisoma saini ya gavana, na kwenye sarafu, ambayo ndiyo fedha ya maskini na ya mtoto anayetumwa mkate, hakuna saini ya yeyote. Ningependa Benki Kuu ifikirie kuweka herufi mbili tu, ndogo kama ile H, za ofisa aliyelithibitisha fungu hilo, na kuwaita mafundi wa nchi hii mara moja kwa mwaka, wafungue sanduku mbele ya watu na kupima kilichomo, hata kama kilichomo ni chuma kilichopakwa nikeli.

Jumatano nilirudi kwa mjomba kumweleza H ni ya nani. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwa wale masonara wa London na sanduku lao, akaacha tupa mezani. Akaomba rupia. Aliitoa mizani yake ya shaba ya zamani, ile yenye vijiwe vya tola alivyorithi kwa baba yake, ingawa anayo ya betri inayomtosha kwa kazi za kila siku. Rupia ya aina hiyo ilipotoka kiwandani ilikuwa na uzito wa tola moja kamili, yaani gramu 11.66, na sehemu 917 katika 1000 zilikuwa fedha. Aliweka jiwe la tola upande mmoja na rupia upande wa pili. Upande wa jiwe ukashuka kidogo. Akaongeza chembe ya fedha kutoka kwenye sahani ya mabaki yake, akaongeza nyingine, mpaka pande zikasimama sawa, kisha akaichukua rupia na kuzungusha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wake wote, polepole, akihisi ile mikwaruzo iliyotiwa Birmingham zaidi ya miaka 130 iliyopita.

"Imelika kwa mikono ya watu," akasema. "Haikukatwa."

Akaifunga kwenye karatasi nyekundu anayofungia pete za wateja, akanirudishia.